Mita Elfu Moja na Mia Tisa

Popo, kile kidude kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, ililia gari likiwa bado kilomita nne na mita mia moja themanini kutoka kwenye rada. Haikulia kwa nguvu. Ilitoa milio miwili mifupi, kama mtu anayekohoa ili mwenzake amtazame, na papo hapo bongo la gari likaupokea ujumbe na kupunguza mwendo lenyewe, kutoka mia na arobaini hadi themanini. Dereva hakugusa kitu. Rada yenyewe haikuonekana. Ilikuwa imesimikwa juu ya mguu wa chuma, ng'ambo ya uwanda wa Bahi, mahali ambapo macho ya binadamu yaliona joto tu likicheza juu ya lami.

Nyamizi Kasubi aliandika namba hiyo kwenye jedwali, akamwomba dereva wake, Masanyiwa, warudi tena mwanzo wa barabara. Ilikuwa mara ya kumi na moja siku hiyo, na jua lilikuwa halijafika utosini.

Kinusarada, kama watu walivyokiita, ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari. Kazi yake ni kunusa mawimbi ya rada za askari wa barabarani kabla rada hizo hazijalipima gari. Zamani vilikuwa haramu. Baadaye serikali ilichoka kuvikamata ikakubali yaishe: gari lililopunguza mwendo kwa kuogopa rada limepunguza mwendo, na hilo ndilo lililotakiwa. Vikaruhusiwa, kwa sharti kwamba kila toleo jipya lipimwe katika Kituo cha Majaribio cha Bahi na matokeo yatangazwe, ili wanunuzi wajue kipi kinanusa mbali na kipi kinatangazwa tu.

Nyamizi alikuwa amepima vinusarada kwa miaka kumi na tisa. Alivipitisha kwenye barabara nyoofu, kwenye kona na nyuma ya kilima, asubuhi na mchana, kwenye vumbi na kwenye mvua pale mvua ilipopatikana. Mwaka huo wa 2068 waliletewa vitatu: Popo, Kozi na Sungura. Alishajua vitakavyofuatana kabla hajawasha gari. Popo ingeongoza, Kozi ingefuata kwa mita mia tatu hivi, na Sungura, pamoja na masikio yote yaliyochorwa kwenye boksi lake, ingeburuta mkia. Alijua pia kwamba watu wangesoma safu ya kwanza ya jedwali, ile ya umbali kwenye barabara nyoofu, kisha wangefunga ukurasa. Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu Jumatatu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na siku hizi alikuwa akiamka amechoka vilevile alivyolala.

Siku ya tatu ya majaribio, mlinzi wa geti alimpigia simu kumwambia kuna mtu anamtaka na hataki kuondoka. Nyamizi alimkuta ameketi kwenye tofali kivulini, mwanamume wa makamo mwenye mikono ya kazi, viatu vyake vimeganda lami. Alisimama, akamwamkia, akajitambulisha kuwa ni Madinda Chilongani, msimamizi wa kikosi cha mafundi wanaoziba mashimo na kujenga makalavati upande wa Kintinku. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na mkanda wa rada.

Nyamizi aliifahamu mikanda hiyo kwa kuiona tu barabarani. Askari walipokuwa wachache na magari mengi, ofisi moja huko Dodoma ilibuni kuwavalisha mafundi wa barabara mkanda unaotoa mawimbi dhaifu yanayofanana na ya rada ya askari. Hesabu ilikuwa rahisi: karibu kila gari lina kinusarada, kinusarada kitanusa mkanda, bongo la gari litapunguza mwendo, na fundi ataendelea na kazi yake bila kuinua kichwa.

Madinda alieleza shida yake taratibu, kwa maneno ya mtu aliyekwisha kuyasema mbele ya meza nyingi. Mwezi Machi, fundi wake mmoja, binti aitwaye Nyemo, aligongwa na kufa akiwa amevaa mkanda. Gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Aliuliza kwa waliowapa mikanda, wakamwonyesha karatasi kwamba mkanda ulikuwa mzima. Aliuliza kwa waliouza gari, wakamwonyesha karatasi kwamba kinusarada kilikuwa kizima na kilishika nafasi ya kwanza katika majaribio ya Bahi. Basi amekuja Bahi.

"Nataka kujua kitu kimoja tu, mama," alisema. "Hivi vidude vyenu vinausikia huu mkanda kutoka umbali gani?"

Nyamizi alimjibu kwamba kipimo hicho hakimo kwenye fomu. Fomu inauliza rada za askari pekee. Madinda alisema anaelewa, kisha akaketi tena kwenye tofali. Hakukasirika wala hakubembeleza. Aliketi kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali, na Nyamizi, aliyekuwa amechoka mno kuweza kumfukuza mtu, aliona kupima kungekuwa rahisi kuliko kukataa. Akamwambia apande gari.

Waliuvalisha mkanda mguu wa chuma, mahali pa rada, wakaenda mwanzo wa barabara. Masanyiwa aliondoa gari. Kilomita nne zikapita, tatu zikapita, mbili. Popo ilinyamaza. Nyamizi aliuona mguu wa chuma ukikua, kwanza kama sindano, kisha kama mti wa fensi, kisha ukawa mguu wa chuma wenye mkanda wa rangi ya chungwa, ukapita dirishani kwa mwendo wa mia na arobaini. Popo haikutoa hata mlio mmoja.

Walibandika Kozi. Kozi ilinyamaza vilevile. Sungura, kinusarada kibovu kuliko vyote vitatu, ilitoa mlio mmoja mwembamba zikiwa zimebaki mita thelathini. Masanyiwa alisema kwa mwendo ule mita thelathini zinaisha kabla mtu hajapepesa jicho.

Nyamizi aliamini mkanda umekufa. Aliupeleka maabara, akaupima kwa kipimamawimbi, akakuta unatoa mawimbi yake sawasawa kama ilivyoandikwa. Alichomeka Popo kwenye kompyuta na kufungua kumbukumbu yake ya ndani, sehemu ambayo mnunuzi haioni, ambako kinusarada huandika mawimbi yote kinayoyanusa na uamuzi kilioufanya.

Madinda alisimama nyuma ya kiti chake. Kwenye skrini kulikuwa na mistari michache tu.

Umbali mita 1,900. Mawimbi dhaifu. Chanzo: mtu. Si askari. Kanuni ya 14: kelele. Usilie.

Mita 1,500. Mtu. Kelele. Usilie.

Mita 800. Mtu. Kelele. Usilie.

Iliendelea hivyo hadi mita sifuri.

Madinda aliisoma mara mbili, midomo yake ikicheza. Kisha akauliza kama maana yake ni kwamba kilisikia. Nyamizi akasema ndiyo, kilisikia vizuri, kutoka karibu kilomita mbili. Kilijua mawimbi hayo ni ya mkanda unaovaliwa na mtu.

"Na hiyo kanuni ya kumi na nne ni ya nani?"

Angeweza kusema ni ya kituo. Isingekuwa uongo. Muhuri uliokuwa chini yake ulikuwa wa kituo. Lakini Madinda alikuwa amezungushwa miezi mitano kutoka meza hadi meza, na Nyamizi aliona kwamba hapa ndipo meza zilipoishia.

"Ni yangu," alisema. "Niliiandika mimi."

Alimweleza yote. Miaka kumi na minne iliyopita, vinusarada vilikuwa vinalia ovyo. Milango ya maduka inayofunguka yenyewe ilikuwa na rada ndogo, vituo vya mafuta vilikuwa nazo, na magari yalikuwa yakifunga breki ghafla mbele ya maduka ya dawa hadi yanagongwa kwa nyuma. Malalamiko yalijaa ofisini. Nyamizi aliketi mchana mmoja, akaandika kwamba mawimbi yoyote dhaifu yasiyotoka kwa rada ya askari yahesabiwe kelele, na kwamba kinusarada kitakacholia kwa kelele kikatwe alama. Kanuni ilifanya kazi. Ajali za breki zilipungua, akapongezwa. Miaka minane baadaye ofisi nyingine ilianza kugawa mikanda, na hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakuuliza. Mikanda aliiona barabarani kila alipokwenda kazini. Haikumjia hata siku moja kwamba mkanda nao ni mawimbi dhaifu yasiyotoka kwa rada ya askari. Na kila mwaka watengenezaji waliboresha mashine zao ili wasikatwe alama, hadi zikaweza kumtambua mtu kutoka kilomita mbili, kusudi zimpuuze.

Sungura imelia kwa sababu ni mbovu, aliongeza. Haijajifunza vizuri.

Nyamizi alisubiri atukanwe, na alikuwa tayari. Badala yake mtu yule alivuta kiti akaketi, akauweka ule mkanda juu ya mapaja yake.

"Tuliliona lile gari," alisema. "Tuliliona toka mbali kabisa. Barabara ile imenyooka. Nyemo alishika koleo lake akataka kutoka pembeni. Mimi nikamwambia, we mtoto, utafanya kazi saa ngapi ukiwa unakimbia kila gari? Umevaa mkanda. Akacheka, akainama tena."

Hakulia. Alikunja mkanda, akaukunjua, akaukunja tena. Alisema hajawahi kumwambia mtu jambo hilo, hata mama yake Nyemo, ambaye alimpikia chai siku ya arobaini na kumshukuru kwa kumlea mwanawe kazini. Nyamizi aliinuka. Alimletea maji, wakaketi pamoja, hadi Masanyiwa alipochungulia mlangoni kuuliza kama wanaendelea na kona.

Jioni ile Nyamizi alimpigia mkurugenzi wake, Bwana Shekalaghe, kumwomba waongeze safu moja kwenye jedwali: umbali ambao kila kinusarada kinalia kikikutana na mkanda wa fundi. Shekalaghe hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza hadi mwisho. Alisema kwamba safu hiyo ingeonyesha sifuri, sifuri na thelathini, kwamba watengenezaji wangesema walifuata kanuni, na wangekuwa wamesema kweli. Akamshauri aandike barua ipelekwe kwenye kamati, kamati ingekaa mwakani. Nyamizi alimjibu kwamba barua ataandika, lakini jedwali hatalitia saini bila safu ile. Na bila saini yake, hakuna kinusarada kipya kitakachouzwa.

Hakuyasema kwa ushujaa. Aliyasema kama mtu anayeweka mzigo chini kwa sababu mikono imekataa.

Ilichukua wiki saba. Wanasheria wa watengenezaji walikuja na magari yasiyo na sauti. Mmoja alimuuliza mbele ya watu kama anakiri kwamba kosa lilikuwa lake, akitumaini atasita. Alisema anakiri, na akaomba iandikwe. Baada ya hapo walikosa la kumfanya. Jedwali lilitangazwa likiwa na safu mpya, mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, na magazeti mawili yakaikuta na kuichapa kwa herufi kubwa. Kanuni ya kumi na nne ilifutwa. Watengenezaji walituma masahihisho hewani, na katika usiku mmoja mamilioni ya vinusarada vilifundishwa upya kwamba mtu si kelele. Nyamizi aliondolewa kwenye majaribio, akapewa chumba chenye kiyoyozi na kazi ya kuhifadhi nyaraka. Mgongo ulipata nafuu. Usingizi haukurudi.

Kabla ya kukabidhi gari, alipima mara moja ya mwisho. Safari hii hakutumia mguu wa chuma. Alivaa mkanda yeye mwenyewe, akasimama pembezoni mwa lami, akamwambia Masanyiwa aje. Aliliona gari likitokea kwenye joto, dogo kama mdudu. Kisha akaliona likitulia, pua yake ikiinama kidogo kama magari yanavyofanya yakipunguza mwendo, likiwa bado mbali sana. Masanyiwa alimsomea namba kwenye redio: mita elfu moja na mia tisa na kumi. Lilimpita polepole kiasi kwamba aliweza kumwona Masanyiwa akimpungia mkono.

Alimpigia Madinda siku hiyohiyo. Alimsomea namba, akamweleza kwamba masahihisho yameshaingia karibu magari yote, na kwamba alijisimamisha mwenyewe barabarani kuhakikisha. Upande wa pili kulisikika kelele za mashine ya kushindilia, kisha zikakoma. Madinda alimshukuru. Aliuliza namba mara ya pili ili aiandike. Akasema atawaambia mafundi, na mikanda wataendelea kuivaa.

"Ila mama," alisema, "mimi nimeshawazoesha kutoka barabarani kila gari likija. Lolote lile, hata likiwa linatambaa. Kazi inachelewa, wakubwa wananigombeza. Sasa niwaambie waache?"

Nyamizi alikuwa na namba mbele yake, ameiandika kwa mkono wake. Kwa miaka kumi na tisa watu walimuuliza umbali, naye aliwapa umbali, wakaenda zao na kuuamini. Alifungua mdomo kusema kwamba haina haja tena.

"Hapana," akasema. "Wasiache. Watoke tu."

"Haya," Madinda akajibu, na mashine ya kushindilia ikaanza tena.