Kiti cha Kushoto, Nyuma ya Bawa

Tii... tii... tii...

Jembe. Usiku wa manane, nyuma ya ua wa minyaa, Nelly alisikia jembe likila udongo kwenye shamba la baba mkwe wake. Akambana mwanawe Mayala kifuani. Kulipokucha akaenda kuchungulia, akakuta magugu matupu, marefu, hayajaguswa.

"Ng'ombe wanajikuna, mama Mayala," baba mkwe, Mzee Magesa, alimjibu alipouliza, akacheka. "Ninyi wajane mna masikio!"

Mjane, ndiyo. Mumewe Marselino alifukiwa na duara, shimo la dhahabu la huyohuyo baba yake, na jeneza halikufunguliwa. Ndiyo maana Nelly, dada yake Scolastika alipomtumia tiketi ya ndege, Kahama kwenda Dar es Salaam, hakuuliza mara mbili. Alifunga kanga na nepi, basi. Mzee akamsindikiza mwenyewe mpaka uwanjani.

"Kapumzike, ila mjukuu wangu arudi kabla ya mavuno." Kisha akamwinamia sikioni. "Ukae kulia. Kushoto jua litamchoma mtoto."

Kwenye kaunta alikuwepo kijana mcheshi, Charles. "Mara ya kwanza, dada? Basi chukua dirisha la kushoto, nyuma ya bawa. Jioni hii jua liko kulia, kioo kinawaka, huoni kitu. Kushoto utaiona Kahama yote kama iko kwenye sinia!"

Jua liko kulia. Sasa mzee kwa nini...?

Akasita. Lakini nani hapendi kuona? Akachukua kushoto.

Ndege ikanguruma, ikapaa, ikapinda chinichini juu ya mabati. Mtaa wa Nyasubi huo. Soko lile. Minyaa ya baba mkwe. Halafu...

Shamba lilikuwa limejaa watu.

Wamepanga mstari, migongo imeinama, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Palepale penye magugu! Na mmoja, mwenye jezi nyekundu, alikuwa akilima kwa mkono wa shoto.

Marselino alikuwa wa shoto. Alishuka duarani na jezi hiyo.

Ndani ya ndege kukanuka udongo mbichi. Nelly akakumbuka maneno ya bibi yake wa Kishapu, kwamba dawa ya kuficha misukule, wafu wanaolimishwa kichawi, hufukiwa ardhini, ikamfumba macho kila anayeikanyaga ardhi hiyo. Na yeye, sasa, hakuwa ameikanyaga.

Mwenye jezi akainua uso. Mayala akacheka, akampungia. Kule chini mkono wa shoto ukajibu, lakini si kwa kupunga. Ulikuwa unawafukuza. Nendeni. Nendeni!

Scolastika alipowapokea Dar, Nelly alimweleza yote kwa pumzi moja, hata mizigo haijashushwa. Walipofika nyumbani, simu ikaita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulikaa upande gani?"

"Ku... kulia, baba."

Nyuma ya sauti yake... tii... tii...

"Mbona mjukuu wangu alitupungia?"

Nelly akamvuta Mayala karibu.

"Sikiliza, mama Mayala. Kuna jembe dogo nilimwekea Mayala. Kaa naye hukohuko, simtaki tena. Jembe nitampa yeyote anayeisikia habari hii kinywani mwako. Umeshamwambia nani?"

Jikoni Scolastika alikuwa akiosha masufuria, anaimba.

Nelly akamtazama mwanawe, akambana kifuani.

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Sitamwambia mwingine," Nelly akanong'ona, machozi yakimtiririka juu ya simu. "Naapa, baba. Sitamwambia mtu mwingine."