Nilipaza Sauti Nikachagua "Ujazo Mkubwa"

Nina miaka hamsini na mbili, mjane, na shule niliishia darasa la tatu. Nauza maharage sokoni Ngara mjini. Wasomaji wenzangu, majina nitayataja, maana wenyewe hawakunionea aibu mimi.

Mungu hakutujalia mtoto. Marehemu mume wangu Silivesta aliniachia nyumba na shamba la migomba kwenye mteremko chini ya mji. Tulimzika humo humo, katikati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Nikitoka sokoni napita kaburini, namwambia habari za siku... Shamba lile ndilo lililokuwa familia yangu.

Basi tukaambiwa mji unapanuka, mashamba yetu yatapimwa yawe makazi. Viwanja vitakuwa vya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa, na kila upande utachagua wenyewe mkutanoni.

Ujazo! Nani kati yetu alilijua neno hilo?

Nilimuuliza shemeji yangu Deogratias, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye mwenyekiti wetu wa kitongoji. Shamba lake liko juu, karibu na lami. Alikuwa amekaa kwangu anakunywa pombe yangu ya ndizi. Akacheka.

"Shemeji, wewe si muuza maharage? Ujazo ni ule ule wa debe. Mteja wako anataka debe lijae au lipungue?"

Nikacheka na mimi. Nikamwongezea pombe...

Siku ya mkutano alikuja mkubwa wa kampuni ya upimaji, anaitwa Renatus. Alianza na watu wa juu. Deogratias akasimama kinyonge, akasema wao hawana makuu, wanaridhika na ujazo mdogo. Jamani, nilimwonea huruma! Ilipofika zamu yetu wa bondeni nikawahi kusimama kabla ya wote.

"Mkubwa!" nikapaza sauti. "Sisi si watu wa kupunjwa! Tupimie ujazo mkubwa!"

Wanawake wakapiga vigelegele, mikono yote ikaenda juu. Renatus akamtazama Deogratias, wakatabasamu. Nilidhani wananifurahia mimi.

Haukupita muda, wapimaji wakafika shambani. Kijana mmoja akanisalimu vizuri, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, nikampa maji ya kunywa. Kisha akaanza kugongelea vigingi katikati ya migomba yangu, kimoja hapa, kingine pale, vimekaribiana kama vya kufungia mbuzi.

Nikamwambia, "Mwanangu, umekosea. Sisi tulichagua mkubwa!"

Akanishangaa. "Ndiyo huo mama. Ujazo mkubwa ni wa nyumba, si wa kiwanja. Nyumba nyingi, viwanja vidogo vidogo. Wenye viwanja vipana ni wale wa juu, wa ujazo mdogo."

Nikakaa chini kwenye majani ya migomba. Viwanja ambavyo ukikohoa, jirani anakujibu pole! Na mimi ndiye niliyeshangilia!

Kikabaki kiwanja kimoja tu chenye jina langu, kile chenye nyumba. Vingine viliingia barabarani, vingine kampuni ikavichukua kuwa ujira wake. Na barabara yenyewe ilipita wapi? Juu ya Silivesta wangu.

Tulimfukua asubuhi, katekista akisali, mimi nimeshikwa huku na huku. Deogratias alikuja na jembe, analia. Nikasema moyoni, damu ni nzito... Tulipomaliza kumzika upya kwenye makaburi ya parokia, akanivuta pembeni.

"Shemeji, kwa kuwa ile migomba inang'olewa, naomba machipukizi nikapande kwangu. Kule nafasi ipo."

Nikamuuliza kama alilijua lile neno siku ile anakunywa pombe yangu.

Akatazama chini. "Sasa shemeji, wote tungechagua mdogo, hao watu wengine mji ungewaweka wapi?"

Hakuomba hata msamaha! Ndugu wa tumbo moja na mume wangu!

Majirani hawakumlaumu yeye. Walinilaumu mimi niliyewatangulia kunyoosha mkono. Leo sokoni naitwa Mama Ujazo. "Mama Ujazo, nijazie na mimi!" wananiambia, wanacheka. Najaza debe, nasawazisha kwa mkono, napokea hela.

Ndugu zangu wa Ngara, wa Biharamulo, popote mji unapowafuata mashambani, nawasihi. Mkisikia neno geni mkutanoni, mkono ubaki mapajani. Mwambieni mwenye neno ashuke shambani na kamba, awaonyeshe ardhini kiwanja kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Na maana yake msimuulize mtu ambaye ninyi mkipata, yeye atakosa, hata kama mmemlisha.

Machipukizi ya Silivesta yameshika vizuri kule juu. Nikipanda kwenda sokoni nayaona. Mwaka huu yamezaa.