Boliti ya Penifodi

Kila Ijumaa, akishatoka shule na kula, Mwanvita alikuwa na kazi moja: kumsaidia Mjomba Stambuli kuliandaa Penifodi kwa safari ya Jumamosi. Penifodi lilikuwa trekta kuukuu, jekundu la kupauka, lenye neno PENFOLD puani kwa herufi za chuma. Ndilo lililovuta tela la ndizi, mananasi na watu kutoka kijijini kwao milimani hadi sokoni Mkuyuni.

Mjomba Stambuli hakushika spana bila kusimulia.

"Simba wa Mikumi aliwahi kuling'ata tairi hili," alisema akiwa chini ya trekta. "Mpaka leo anakunywa uji. Hana jino hata moja!"

Mwanvita na binamu yake, Sufiani, walicheka hadi wakashika mbavu.

"Na wanangu, mjue kwamba lilizaliwa Ufaransa."

Hapo walicheka zaidi kuliko kwa simba.

"Mjomba nawe!" alisema Mwanvita. "Penfold ni jina la Kiingereza. Trekta la Mwingereza lizaliwe Ufaransa?"

"Haya, chekeni," alisema Mjomba. Akamkabidhi Mwanvita bakuli lenye boliti za breki. "Zioshe kwa dizeli, uzirudishe palepale na ukaze. Mimi nakwenda msikitini. Nakuamini, fundi wangu."

Neno "fundi" lilimpendeza sana Mwanvita. Lakini jirani, wasichana walikuwa wakicheza rede, na kelele zao zilimvuta. Akaenda na bakuli lake, akaliweka ukingoni mwa mfereji. Mpira ukaja kwa kasi, ukalipiga bakuli. Boliti zikamwagika. Alizipata zote isipokuwa moja nene, ile iliyounganisha pedali na chuma kinachovuta breki. Alipekua matope hadi kucha zikauma. Hakuiona.

Mjomba akijua, hataniita fundi tena, aliwaza. Kibandani kulikuwa na makopo mawili ya boliti za akiba. Mjomba alikwishasema kwamba kopo jekundu lilikuwa la boliti za inchi, za mashine za Waingereza, na la bluu lilikuwa la milimita. Penifodi ni Mwingereza, akajiambia. Akachukua boliti kutoka kopo jekundu. Iliingia kwenye nati, ikazunguka, ikakaza kidogo. Ilikuwa ikicheza, ndiyo, lakini kidogo tu. Akaipaka grisi nyingi ili isionekane kwamba si ileile.

Asubuhi ya Jumamosi tela lilijaa. Mama yake, Bi Hidaya, alikuwa amekaa katikati ya mananasi na wanawake wenzake. Mwanvita na Sufiani walikuwa kwenye bawa la trekta, juu ya tairi, ubavuni mwa Mjomba. Kabla ya mteremko wa Jiwe Jeusi walisimama kumpakia Mwalimu Devotha, mgeni aliyehamia kutoka Bukoba.

"Shikamoo, mzee. Hili trekta ni la Mwingereza?"

"Marahaba, mwalimu. Kampuni ni ya Mwingereza, lakini trekta lenyewe lilizaliwa Ufaransa."

Abiria wakaguna. "Ameanza!" mmoja akadakia. "Mwulize na habari za simba!"

"Simba nilimtunga," alisema Mjomba, bila kucheka. "Hili silitungi. Baada ya vita kuu, Wafaransa walitaka matrekta yaundwe kwao, si kuletewa tu. Basi Waingereza wakatoa michoro, Wafaransa wakatoa mikono. Kila nati wakaikata kwa milimita, ndicho kipimo chao. Likaja kwa meli hadi Dar, kwa treni hadi Ngerengere kwenye shamba la mkonge. Shamba lilipokufa, baba yangu akalinunua. Kuna kibati chini ya kiti. Soma mwenyewe."

Mwalimu aliinama, akafuta vumbi kwa kidole. "Ni kweli! Kimeandikwa kwamba limeundwa Ufaransa."

Mwanvita aliyarudia maneno ya Mjomba kichwani. Milimita. Penifodi lote lilikuwa la milimita, na yeye alikuwa ametia boliti ya inchi kwenye breki.

Trekta likaanza kwenda. Mbele, barabara ilizama kama imekatwa kwa panga. Kushoto kulikuwa na ukuta wa mlima, kulia hapakuwa na kitu, ila vilele vya migomba huko chini sana. Mwanvita alitazama pedali. Ile boliti ilikuwa ikitikisika ndani ya grisi yake.

"Mjomba," alisema. Ngurumo ya injini ikaifunika sauti yake. Aligeuka, akamwona mama yake akicheka na wenzake. Watu wote hawa watajua ni mimi, aliwaza. "Mjomba! Breki!"

"Eeh?" Mjomba alipaza sauti juu ya ngurumo. "Subiri tushuke!"

Mwanvita hakusubiri. Aliinama, akakishika kile kishikio cha kuzimia injini, akakivuta kwa nguvu zake zote.

Penifodi likakohoa, likaruka, likazima. Gia ikalishikilia pale pale, mwanzoni kabisa mwa mteremko. Mananasi yakaporomoka, wanawake wakapiga yowe.

"Una wazimu wewe?" Mjomba alifoka.

"Boliti ya breki si yenyewe!" Mwanvita alilia. "Niliipoteza nikicheza. Nikatia ya kopo jekundu, nikaificha kwa grisi. Nimekosa, Mjomba. Nimekosa!"

Sufiani akaruka, akaweka mawe kwenye matairi. Watu wakateremka haraka. Mjomba akapiga magoti, akaishika ile boliti kwa vidole viwili tu. Hakutumia spana. Akaivuta, ikachomoka kama mshumaa kwenye mchanga.

Mjomba akaitazama, kisha akautazama mteremko.

"Sufiani," alisema, "kimbia kibandani ukalete kopo la bluu."

Kisha akamgeukia Mwanvita. "Ungeniambia jana ningefoka, tungetafuta boliti nyingine, tungekula wali, tungelala. Kitu kupotea si dhambi, mwanangu. Kukificha, watu wakapanda bila kujua, ndiko kunakozika watu. Ukikosea, sema siku ileile, kosa likiwa bado dogo." Akashusha pumzi. "Na mimi nimewazoesha uongo mwingi, hata nikisema kweli mnacheka. Nikisema la kazi, sitalichanganya tena na utani."

Sufiani aliporudi akihema, Mjomba alimpa Mwanvita spana. "Kaza wewe. Mimi natazama."

Boliti ya milimita iliingia, ikakaza mpaka ikakataa kabisa kuzunguka. Mjomba aliijaribu kwa nguvu zake zote, akaitikia kwa kichwa. Lakini abiria walibaki kando ya barabara, wakitazamana.

"Mimi nashuka kwa miguu," alisema mmoja.

Bi Hidaya akajifunga kanga vizuri, akapanda telani peke yake, akaketi.

"Mtoto wangu amesema 'nimekosa' mbele ya kijiji kizima," alisema, "na alijua tutamkasirikia. Kosa alilokwisha kulisema halinitishi tena. Mimi nashuka na Penifodi."

Mwalimu Devotha akapanda wa pili.