Simba Asiye na Miguu

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Usambara, Chausiku alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota maji, na kuota. Hiyo ya tatu hakupewa na mtu yeyote, lakini ndiyo aliyoifanya kwa bidii kuliko zote. Alifagia huku akiota. Alichota maji huku akiota, na mara nyingi ndoo ilijaa ikafurika naye bado amesimama kisimani, akitazama ukungu ulivyolala bondeni kuelekea Mto Pangani.

"Chausiku! Kisima hakihami, lakini shule inaanza!" mama yake, Zamda, alikuwa akimwita.

Waliishi Kwemkuyu, kijiji cha ujamaa upande wa Handeni, chenye nyumba zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka. Watu walikuwa wamehamia hapo miaka michache tu iliyopita, wakaja na mbuzi wao, vinu vyao na ngoma zao. Nyuma ya mashamba kulikuwa na pori zito, na wakati wa masika simba alitoka humo akachukua ndama. Tangu siku hiyo watu hawakupenda kulitaja jina lake ovyo.

Baba yake Chausiku, Mhina, alikuwa mkata mkonge kule Mazinde. Alikuja nyumbani kwa nadra. Mara ya mwisho alikuja na furushi la makapi ya katani, akasema ni ya kusokota kamba za mbuzi. Kisha akaongeza, kwa haya kidogo, kwamba siku hizi anahudhuria kisomo cha watu wazima.

"Nimeshafika kwenye maneno mafupi," alisema. "Usinicheke."

Chausiku hakumcheka. Alikuwa akiitazama ile katani, nyeupe na laini, ikipepea kwa upepo wa mlangoni. Wengine waliona kamba. Yeye aliona manyoya ya shingo ya simba.

Ndivyo ilivyoanza ngoma ya simba. Mwalimu Raheli, Msambaa kutoka milimani ambaye alipenda muziki kuliko chai, alikuwa akitafuta mchezo wa shule wa kuonyesha siku ya Saba Saba. Chausiku alipomweleza ndoto yake, mwalimu hakumwambia aache kuota. Alimwambia alete hiyo katani.

Waliipaka udongo mwekundu, wakaishona kwenye kofia kubwa ya ukili. Gunia likawa ngozi, kamba ikawa mkia. Kiunoni Chausiku alifungwa ngoma ndogo, na miguuni akavaa njuga. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wenyewe. Mikono ilipiga ngoma ikauliza, na miguu ilitikisa njuga ikajibu. Wenzake waliitikia kwa makofi na nyimbo. Akiwa ndani ya lile vazi, Chausiku alisikia pumzi yake kama upepo wa porini, na dunia yote ikawa nyekundu na laini kupitia nyuzi za katani.

Usiku na mchana aliota jambo moja tu: baba yake amesimama mbele ya watu wote, anamtazama akicheza.

"Wageni watajuaje kwamba tuna ngoma?" mwalimu aliwauliza wiki ile ya kuvuna mahindi. "Lazima tuwatangazie. Chausiku, wewe una mkono wa kuchora. Utatengeneza matangazo."

Alimpa karatasi za mifuko ya saruji iliyobaki baada ya kujenga zahanati. Rangi walitengeneza wenyewe: nyeusi kwa masizi ya chungu, nyekundu kwa udongo, njano kwa manjano ya jikoni. Brashi ilikuwa kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha.

"Sikiliza vizuri," mwalimu alisema. Alikuwa anakwenda Korogwe kwa semina ya walimu. "Chora simba, chora ngoma yake, na usisahau miguu. Miguu ya mtu, yenye njuga. Kisha andika: Ngoma ya Simba, watoto wa shule, Kwemkuyu, Saba Saba."

"Ndiyo, mwalimu."

Chausiku na rafiki yake Hajira walikaa kwenye baraza ya darasa. Simba wa kwanza alitoka vizuri ajabu. Macho yake yalikuwa ya njano, na manyoya yalijaa karatasi. Tone la rangi nyekundu lilianguka kwenye meno kwa bahati mbaya. Chausiku alitaka kulifuta, kisha akalitazama tena, akalipenda.

Akafika kwenye miguu. Alichora miguu yake mwenyewe, myembamba, yenye vumbi, na lile kovu la jembe juu ya kidole gumba. Akaitazama. Moyo ukamsinyaa. Juu kulikuwa na mfalme wa pori, na chini kulikuwa na Chausiku wa kuchota maji.

Nani ataacha nyumba yake kuja kuona miguu yangu, alijiuliza. Akachovya brashi kwenye masizi, akachora nyasi ndefu mpaka miguu ikapotea. Ngoma nayo ikamezwa na nyasi. Halafu akaandika kwa herufi kubwa: SIMBA KWEMKUYU. SABA SABA.

"Miguu iko wapi?" Hajira aliuliza. "Na ngoma je?"

"Wakifika wataiona."

"Lakini mwalimu alisema..."

"Mwalimu alisema tuvute watu. Hebu litazame, Hajira. Hili halivuti?"

Hajira alilitazama. Simba naye akamtazama. Hajira akarudi nyuma hatua moja na kusema kwamba, kusema kweli, linavuta.

Walichora mengine yanayofanana nalo. Waliyapaka uji wa muhogo, wakayabandika kwenye maduka ya ushirika ya vijiji vya jirani, palepale yalipobandikwa yale ya serikali: Chemsheni maji ya kunywa. Chimbeni vyoo. Wakulima, jihadharini na ndege waharibifu. Moja Chausiku alimpa Sadala, dereva wa lori lililokuwa likipeleka mahindi Mombo, alibandike Mazinde karibu na kambi ya wakata mkonge. Alikuwa ameyapunguza maneno makusudi. Alitaka baba aweze kuyasoma.

Mwalimu aliporudi alimuuliza, "Uliandika kama nilivyokuambia? Na miguu ulichora?"

Chausiku alijibu haraka, "Ndiyo, mwalimu." Hajira aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, ingawa hakuwa amevaa viatu.

Siku ya Saba Saba ilikuja na jua jororo. Uwanja ulifagiliwa, bendera zikapandishwa, masufuria ya pilau yakaanza kunukia. Wazee wa Kwemkuyu walikaa kwenye viti vyao. Ngoma ziliwekwa karibu na moto ili ngozi zikaze. Kilichokosekana ni wageni. Barabara ya kutoka vijiji vya jirani ilikuwa tupu, nyeupe, imenyamaza. Hata watoto, ambao hawajawahi kukosa pilau ya watu, hawakuonekana.

"Ajabu," alisema Mwalimu Raheli, akikinga jua kwa kiganja. "Mwaka jana walikuja bila kuitwa."

Chausiku alikuwa nyuma ya darasa, amekwisha kuvaa. Alijipenyeza hadi mwisho wa ua wa mabua ya mahindi ili aone barabara. Mbali, ndani ya vumbi, alimwona mtu mmoja anakuja. Hakutembea kama mtu anayekwenda sherehe. Alikimbia, akatembea, akakimbia tena. Shati lake limelowa jasho. Mkononi alishika panga.

Alikuwa baba.

Kwa furaha Chausiku akasahau kila kitu. Alitoka nje ya ua mbio, na manyoya mekundu yakatoka mbele yake. Baba aliona kichwa cha simba kikichomoza kwenye mabua. Alisimama, akapanua miguu, akainua panga.

Chausiku alitaka kupiga kelele, lakini sauti ilimkauka ndani ya ile kofia. Mwili ulimganda. Miguu tu ndiyo ilitetemeka, na njuga zikalia, chekeche, chekeche, kama wakati wa mazoezi.

Baba alitazama chini. Aliona vumbi. Aliona njuga. Aliona kovu juu ya kidole gumba.

"Mguu huo naujua," alisema taratibu. "Hilo kovu ni la jembe langu."

Panga likaanguka. Baba akaketi palepale barabarani. Chausiku alivua kichwa cha simba. Akasema lile ambalo mtoto husema kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu baba, na machozi yakamtoka.

Mama Zamda na Mwalimu Raheli walifika wakihema. Baba alitoa mfukoni karatasi ya saruji iliyokunjwa. Wote walimwona yule simba mwenye damu menoni, amesimama ndani ya majani marefu.

"Niliikuta jana ukutani kambini," alisema baba. "Wenzangu walisema tumsubiri mwalimu wa kisomo atusomee. Nikasema ngoja nijaribu. Si-mba. Mba, kama ka-mba. Kisha nikasoma jina la kijiji changu. Mwalimu, hili ndilo tangazo la kwanza nililolisoma mwenyewe bila msaada wa mtu. Nikaliamini. Nilidhani serikali inatuonya kwamba simba yuko Kwemkuyu, watu wasiende Saba Saba. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama nitamkuta mtoto wangu hai. Vijiji vyote nilivyopita wamefunga milango."

Mwalimu Raheli aliisoma karatasi. Hakupandisha sauti.

"Chausiku, uliniambia uliandika kama nilivyosema."

Chausiku alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ilimchoma zaidi kuliko jua. Alikuwa ameota siku hii mara nyingi, na katika ndoto zote baba hakuwa ameketi vumbini akitetemeka.

"Nilidanganya, mwalimu," alisema. "Niliificha miguu. Niliona ni mibaya. Nilitaka waje wengi, nilitaka baba aje. Nisamehe, baba. Nisameheni nyote."

Mama alitikisa kichwa. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako imeishia hapa kwenye ua wa mabua."

Baba alijifuta uso kwa mkono wa shati, akainuka.

"Sawa. Karatasi imewafungia watu ndani, na karatasi nyingine haitawatoa leo. Mwalimu, nikopeshe huyu simba wako kidogo."

"Mchukue," alisema mwalimu. "Na mimi nakuja."

Wakashika barabara. Baba alitangulia mikono mitupu, kwani panga aliliacha kwa mama. Nyuma yake alikuja Chausiku katika vazi lake, kichwa cha simba amekishika kwapani ili uso wake uonekane, akipiga ngoma ya kiunoni huku njuga zikiitikia. Hajira na wenzake walipiga makofi na kuimba. Walipofika kijiji cha kwanza, baba alipaza sauti yake ya shambani:

"Jamani, fungueni milango! Simba huyu ni binti yangu! Mtazameni miguu!"

Dirisha moja lilifunguka. Kisha jingine. Kitoto kimoja kilichungulia chini ya pazia, kikapiga kelele, "Ana miguu! Ana miguu kama ya dada!" Bibi mmoja alitoka na mchi mkononi, tayari kwa vita. Alipomwona Chausiku alicheka mpaka akauegemea ule mchi.

"Nikakosa usingizi kwa ajili ya huyu mwembamba!" alisema. "Haya, simba, tangulia. Pilau bado ipo?"

Kila mlango aliopitia, Chausiku aliomba radhi mwenyewe. Halikuwa jambo rahisi. Wengine walimnunia kwanza, kwa sababu walikuwa wamelala na hofu na mbuzi wao ndani. Lakini njuga ziliendelea kulia, na mstari wa watu nyuma yake ukarefuka. Vumbi la dhahabu lilipanda juu yao, na kwa Chausiku ilikuwa kama kutembea ndani ya ndoto ambayo mara hii watu wengine nao waliiona.

Alasiri uwanja wa Kwemkuyu ulijaa. Simba aliunguruma, ngoma ikauliza, miguu ikajibu. Watu walitazama miguu ile kuliko kichwa, kwa kuwa sasa walijua ndiko muziki ulikokuwa. Baba alisimama mbele ya wote. Alikuwa amechoka, shati limekauka na chumvi, na alicheka kwa sauti kila njuga zilipolia.

Jioni, kabla baba hajapanda gari la kurudi kazini, Chausiku alichukua kipande cha mwisho cha karatasi ya saruji. Alichora simba, akachora ngoma. Kisha, polepole, alichora miguu myembamba yenye njuga, na kovu lake. Aliandika maneno yote kama mwalimu alivyomwambia mwanzo.

Baba aliishika karatasi, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Midomo yake ilihangaika. "Hili bado halijafika darasani kwetu," alinong'ona. "Ngo... ngo-ma. Ngoma!"

"Ndiyo, baba! Ngoma ya Simba."

Baba aliikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa shati, upande wa moyo.

"Sikia, mwanangu," alisema. "Kuota ni kuzuri, na wewe ulivyo, hata ukikatazwa utaota. Lakini ukiandika neno ukalibandika ukutani, wewe humwoni anayelisoma. Huenda ni mtu ambaye ndiyo kwanza ameanza kujua kusoma. Atalisoma kwa taabu, herufi moja moja, na akimaliza ataliamini lote. Usimdanganye mtu huyo. Umwonyeshe na miguu."

"Nitamwonyesha, baba," alisema Chausiku.

Na tangu siku hiyo, matangazo ya ngoma ya Kwemkuyu yalijulikana kila yalikobandikwa, kwa sababu mchoraji wake alianza kuchora kutoka chini kwenda juu.