Jibini Iliyoota Ndevu

Huyu ni Tusekile. Ana miaka sita. Anaishi Rungwe, mlimani, kwenye baridi na mvua.

Na huyu ni Baba. Baba anajua kila kitu. Muulize tu, atakwambia mwenyewe.

Asubuhi Shangazi Atupele alikamua ng'ombe. Chwii, chwii, chwii!

"Maziwa haya hatuyachemshi," alisema Shangazi. "Ni ya jibini."

"Hamchemshi?" Baba akashangaa. "Hongereni, wataalamu!"

Shangazi alitia dawa ya kugandisha. Maziwa yakaganda. Tusekile akayaminya kwenye kitambaa. Churu, churu, churu! Maji yakatoka, ikabaki jibini moja ndogo, nyeupe.

"Hii ni yako," alisema Shangazi. "Itunze miezi miwili. Nikirudi kutoka Mbeya, tutaila pamoja."

Miezi miwili! Muda mfupi sana, ukiwa na miaka sita.

Kila siku Tusekile aliingia stoo.
Geuza. Paka chumvi. Ngoja.

Jibini ikawa ya njano. Ikaanza kunuka.
Geuza. Paka chumvi. Ngoja.

Kisha jibini ikaota ndevu. Ndevu za ukungu, za kijivu! Tusekile alifurahi sana. Shangazi alishamwambia: ndevu ni koti la jibini.

Baba hakuambiwa. Kwani nani amwambie mtu anayejua kila kitu?

"Puu!" alisema Baba. "Imeoza! Nampelekea nguruwe."

Akaibeba hadi bandani. Pu, pu, pu! Nguruwe akafungua mdomo. Yeye hakuwa na malalamiko.

Tusekile alimkimbilia huku akilia. "Baba, usimpe! Ni yangu na Shangazi! Ikate kwanza, uone!"

Baba akacheka. "Haya, nikuonyeshe uozo."

Kacha! Ndani ilikuwa ya njano, laini kama siagi.

Baba akaonja kidogo, ahakikishe tu. Akahakikisha tena. Na tena.

"Si niliwaambia?" alisema, mdomo umejaa. "Maziwa ya jibini hayachemshwi!"

Eti aliwaambia.

"Nihakikishe mara ya mwisho?" aliuliza Baba.

"Hapana, Baba. Shangazi anarudi kesho."

Jioni, nguruwe alifungiwa bandani. Baba hafungiwi.

Kwa hiyo Tusekile aliifunga jibini kwa kitambaa, akapanda nayo kitandani. Ilinuka soksi. Akaikumbatia, akalala fofofo.