Mama Mpya na Programu ya Marehemu

Asubuhi yenyewe haikuwa na neno. Duka lilifunguliwa, sakafu ikapigwa deki, mashine ya kudarizi ikaondolewa shuka lake la kuzuia vumbi, kompyuta ikawashwa. Mume alikuwa mbele akiwahudumia wateja wa foronya na mashuka. Mke alikuwa chumba cha nyuma akichora ua kwenye kompyuta, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, kama kawaida yake akiwa kazini. Ungewaona ungesema hii ndoa imetulia.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Mpya. Mumewe alikuwa amefiwa na mke wa kwanza, na huyo marehemu ndiye aliyeanzisha duka, akanunua mashine na kujifunza kompyuta peke yake mpaka maua yake yakajulikana. Kisha akafa. Baada ya muda mume akaoa tena, na watu wakaona waendelee kuhesabu kutoka kwa yule wa zamani. Mama Mpya alikuwa akicheka wakimwita hivyo, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha menoni tu.

Siku hiyo alikuwa amechora ua lake mwenyewe, la kwanza kabisa ambalo hakuiga popote. Lilikuwa na petali moja iliyojikunja pembeni, imelala kidogo, na aliipenda kwa sababu ilikuwa na ukaidi kidogo. Alipomaliza, kwenye pembe ya chini ya kioo cha kompyuta kilitokea kijibango: "Masasisho yamekamilika." Akakifunga bila kukisoma mara mbili. Akatuma mchoro kwenye mashine, akabana kitambaa kwenye fremu, akabonyeza kitufe.

Mashine ilipotulia, ua lilikuwa limesimama. Petali zote zilikuwa sawasawa, hakuna hata moja iliyolala.

Kabla hajaelewa, jirani yao muuza mapazia alikuwa ameshaingia na kuichukua foronya mkononi.

"Eeh! Huu si ndio mkono wa marehemu kabisa! Kweli, ya kale ni dhahabu."

"Nimechora mimi," Mama Mpya akasema.

"Najua, mama. Ndiyo maana nakusifu. Umemfuata vizuri."

Kumfuata! Neno lilimkaa kooni siku nzima. Kama mwiba wa samaki, halikupanda wala halikushuka.

Alichora tena, na tena. Kila alipomaliza, kijibango kilitokea, na kila ua lililotoka kwenye mashine lilikuwa limenyooka. Wateja walifurahi. Mume ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alikuwa akiingia chumba cha nyuma, anaokota kitambaa, anapitisha kidole juu ya nyuzi taratibu, na anasema, "Sasa umeweza, mke wangu. Sasa umefika." Anasema hivyo huku anakitazama kitambaa. Mama Mpya alikuwa amesimama pale pale, amejipaka mafuta na kuvaa gauni zuri, na kidole kile hakikuwahi kumgusa yeye taratibu namna ile.

Wivu kwa mtu aliye hai una dawa. Unaweza kumvizia kisimani, ukamtukana, mkakunjana, majirani wakaamua ugomvi na ukalala usingizi. Mfu utamfanya nini? Hazeeki wala hakosei. Hata chumvi haiwezi kumzidi kwenye mchuzi. Mama Mpya alimchukia mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, na chuki hiyo ilimla ndani kwa ndani kila alipofungua duka.

Akamwita fundi wa kompyuta, kijana mpole wa miwani aliyekuwa akizunguka maduka ya mtaa ule.

"Dada, tatizo ni hili hapa," fundi akasema baada ya kupekua. "Programu yako ya kuchorea ina kijiprogramu cha pembeni. Kazi yake ni kuleta masasisho, kurekebisha mambo. Kompyuta ikiamka, nacho kinaamka. Wewe unachora huku mbele, chenyewe kinafanya shughuli zake kule nyuma. Na hakikuulizi."

"Kiondoe."

"Kikulacho ki nguoni mwako, dada," fundi akatania, akakizima kisiamke tena pamoja na kompyuta. Wakanywa chai. Fundi akaizima kompyuta na kuiwasha upya ili ahakikishe. Kijibango kikatokea.

Fundi akacheka, akapekua zaidi. Kilikuwa kimejiwekea ratiba ya siri ya kuamka chenyewe. Ukikifukuza mlangoni, kinarudi dirishani. Akaifuta ratiba. Akakuta kingine kilichofichwa ndani zaidi, chenye kazi moja tu, kukirudisha cha kwanza kila kinapofutwa. Akakifuta nacho. Akawasha.

Kijibango kikatokea: "Inapakua masasisho."

Sasa fundi hakucheka. Aliinama chini ya meza, akachomoa waya wa intaneti, akaushika mkononi ili auone kwa macho yake. Mstari wa kijani kwenye kioo uliendelea kujaa. Nje jua lilikuwa linawaka, mtu alikuwa anapiga honi, na muuza mapazia alikuwa anabishana na mteja. Mstari ukajaa mpaka mwisho.

"Dada," fundi akanong'ona, "waliotengeneza hii programu walishafunga ofisi. Miaka imepita. Hakuna mtu wa kutuma masasisho."

"Sasa yanatoka wapi?"

Fundi akasogeza kiti nyuma kidogo.

Alipofungua mipangilio ya kile kijiprogramu, walikuta mstari mmoja: Mtumiaji. Mbele yake palikuwa na jina la marehemu. Chini yake paliandikwa kwamba kila kitu cha mtumiaji kirekebishwe kilingane na mkono wa mtumiaji wa kwanza.

"Una njia mbili," fundi akasema. "Tufute programu nzima, na michoro yote ya marehemu itakwenda nayo. Au tukibane. Naweza kukilazimisha kiulize kwanza kabla ya kugusa kitu, na wewe ukikatalie. Lakini hilo jina usiliguse."

"Kwa nini?"

"Jina ndilo linalokionyesha kimrekebishe nani."

Mama Mpya akachagua kukibana. Msimlaumu haraka. Kufuta michoro ile kungemvunja moyo mume, na yeye alitaka moyo ule ukiwa mzima. Tangu siku hiyo kijibango kilikuja na adabu. "Kuna masasisho mapya. Niyapokee?" Naye alibonyeza "Baadaye," tena kwa madaha, kama mke mkubwa anayemnyima mwenzake ufunguo wa ghala.

Maua yake yakaanza kutoka alivyoyachora, petali ikiwa imelala. Siku ya kwanza alikumbatia kitambaa akacheka peke yake.

Muuza mapazia alikitazama, akakigeuza, akauliza, "Mashine imeharibika?"

Wateja wengine hawakuuliza. Walipungua tu. Lakini lililomuuma zaidi ni mume. Hakulalamika, hakugomba. Aliacha tu kuja chumba cha nyuma. Mchana Mama Mpya alisikiliza hatua zake kule mbele, zinakaribia pazia la mlango, zinasita, zinarudi. Ndipo alipoelewa. Siku zote zile, mwanamume yule hakuwa akija kumwona yeye. Alikuwa akija kumtembelea mkewe.

Alikaa mbele ya kompyuta akilia kwa hasira. Kwa nini sifa ziwe za mtu wa kaburini na jasho liwe lake? Yeye ndiye anayeamka, anayefagia, anayepika, anayelala kitanda kile. Kama kuna mkono mzuri ndani ya nyumba ile, basi na uwe wake. Hakutaka tena kumfukuza marehemu. Alitaka vya marehemu viwe vyake.

Mume alikuwa ametoka kununua nyuzi. Mama Mpya akafungua mipangilio, akalifuta jina la marehemu herufi moja moja, na mahali pake akaandika jina lake kamili, alilopewa na baba yake. Kijibango kikatokea papo hapo.

"Kuna masasisho mapya. Niyapokee?"

Akabonyeza "Ndiyo."

Hapakutokea kitu. Mstari ulijaa, kijibango kikapotea, feni ikaendelea kuzunguka. Akajiona mjinga kwa hofu aliyokuwa nayo. Akachukua kipanya achore ua lake, na mkono ukalichora limenyooka. Akafuta, akajaribu kuilaza petali. Mkono ukainyoosha. Haukumuuma. Ulikuwa mwepesi na wenye uhakika, nao ulikuwa mkono wake, na kazi ilikuwa nzuri ajabu.

Zilikuwa siku za furaha, asikudanganye mtu. Wateja walirudi. Muuza mapazia akasema, "Mama, huu sasa ni mkono wako," na Mama Mpya nusura ambusu. Mume akarudi chumba cha nyuma. Akapitisha kidole kwenye nyuzi, kisha, kwa mara ya kwanza, kwenye kiganja chake. Taratibu.

Kisha viatu vikaanza kumbana.

Pete ikalegea.

Alijikuta anajua kilipo kisu cha kukatia vitunguu, kilichopotea miaka kabla yeye hajaolewa. Alikitoa nyuma ya kabati akiwa anaongea mambo mengine. Mume alikitazama kile kisu, hakuuliza.

Siku moja alicheka, akasikia kicheko kinatokea chumba kingine. Akanyamaza. Kikanyamaza.

Wakati wa chai mume alimwita kwa jina la kubembeleza ambalo hakuwahi kumpa. Akaitika. Aliitika kabla hajafikiri.

Akampigia fundi simu. Kijana alikuja, akakaa kwenye kompyuta, akapekua, akapekua tena.

"Hakipo," akasema.

"Umekiondoa?"

"Sijaondoa kitu. Nilikibana tu. Sasa hakipo popote humu."

"Kimekwenda wapi?"

Fundi aligeuka amjibu. Akamtazama usoni, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mkoba wake wa vifaa ulibaki mezani, na hakurudi kuuchukua.

Mama mzazi wa Mama Mpya hakujua lolote katika hayo. Alikuwa ameona binti yake hapigi simu, akafunga safari. Alifika dukani asubuhi, kikapu mkononi, wateja wamejaa. Binti alimwona kutoka nyuma ya pazia, moyo ukamruka, akakimbia mbele.

"Mama!"

"Hujambo, mwanangu," mama akajibu kwa upole, vile watu wazima wanavyowajibu watoto wa wenzao. "Pole na kazi. Namtafuta binti yangu. Ameolewa hapa."

"Mama, ni mimi."

Mama akatabasamu, akasubiri utani uishe.

"Mama, ni mimi! Nitazame!"

Sauti iliyomtoka ilikuwa nzuri, ya chini, ya mtu aliyezoea kuwapa wateja bei. Haikuwa yake. Akamshika mkono mama yake. Mama akaruhusu kushikwa, lakini macho yake yalikuwa yanamtafuta mtu mwingine nyuma ya bega la binti, kule kwenye pazia.

Mume alikuwa kwenye kaunta. Alikuwa amesikia yote. Mama Mpya akamgeukia, kwa sababu yeye ndiye aliyemwoa, yeye anajua, yeye angesema neno moja tu na mambo yakaisha. Mume akamtazama mkwewe. Akamtazama mkewe, uso, shingo, mikono. Machoni mwake hapakuwa na mshangao hata kidogo. Alikuwa ameyaona yote tangu siku ya kwanza, na alikuwa na furaha.

"Alitoka, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Hakuaga. Hatujui atarudi lini."

Mama mzazi akakaa kwenye benchi, akalia. Mwanamke wa dukani alifungua mdomo apige kelele. Mdomo ukasema, "Pole sana, mama. Ngoja nikuletee maji."

Mama mzazi alipoondoka, mwanamke yule alimsindikiza mpaka barabarani, amemng'ang'ania mkononi, na ilibidi mume aje kuwaachanisha.

Njiani mama aliona kidole chake cha mwisho kimevimba. Kilikuwa na alama nyekundu kukizunguka, mahali kilipokuwa kimebanwa kwa nguvu. Akashtuka, maana binti yake anayemtafuta, alipokuwa mdogo, hakuwahi kukubali kushikwa mkono barabarani. Alikuwa akikamata kidole kile cha mwisho tu, anakibana mpaka wafike ng'ambo.

Alama haijafutika hadi leo. Na mara nyingine, mchana kweupe, akiwa amekaa peke yake, mama husikia kidole kinabanwa.