Kura ya Nane

Karani alihesabu kura, akafuta miwani, akahesabu tena. Watukufu walikuwa saba. Kura zilikuwa nane.

"Nani katia mbili?" aliuliza mtukufu mmoja mnene, ambaye wenzake walimwita Pipa akiwapa kisogo.

Kila mmoja akaapa katia moja.

Katika dola ile kaizari hakuzaliwa, alichaguliwa. Waliomchagua ni watukufu saba, na kila mmoja alirithi utukufu pamoja na kura yake, kama mtu anavyorithi shamba. Walifungiwa ukumbini kwa nje, na mlango haukufunguliwa mpaka idadi ya kura ilingane na idadi ya viti. Sheria ni msumeno. Aliyekatwa zaidi ni Bi Mdogo, aliyerithi kiti cha marehemu baba yake. Alimwacha mwanawe wa miezi miwili kwa mama yake pale nje ya mlango, akidhani ni kazi ya saa moja.

Hii ilikuwa siku ya tatu.

Wakapiga upya, mchana kweupe, kila mmoja akionyesha kiganja na karatasi yake moja. Saba zikaingia katika chungu cha kura. Kisha, chungu kikiwa peke yake katikati ya meza na mikono yote ikionekana, ndani yake kitu kikakwaruza taratibu, kama ukucha unaotafuta ufa, na harufu ya udongo wa kaburi bichi ikapanda ikawajaa puani, na nyuma ya mlango mtoto akaanza kulia, kilio chembamba kisichopumzika, hata maziwa yakamtoka Bi Mdogo yakamlowesha kifua mbele ya wanaume wale wote naye asijali.

"Mwanangu ana njaa," alinong'ona.

"Tunamsikia, mama," Karani akajibu kwa sauti ya chini. "Kura ni nane."

Bi Mdogo akaona hawezi tena. "Basi tuongeze kiti."

"Umpe utukufu usiyemwona?" Pipa aliuliza, jasho likimtiririka.

"Nitampa hata wangu. Nataka kumnyonyesha mwanangu."

Walikuwa wamechoka. Mikono saba ikapanda. Karani akasogeza kiti chake mwenyewe mezani, na wote wakaona mto wake ukididimia, kama umekaliwa na mtu mzito. Wakapiga kura. Nane kwa nane.

Hapo mazoea yakamponza Karani. Miaka thelathini alikuwa akimwuliza kila mtukufu mpya swali lilelile, na ulimi ukatangulia akili.

"Mrithi wako ni nani?"

Kalamu ikainuka yenyewe ikaandika daftarini. Karani akasoma, akafunika ukurasa kwa viganja vyote viwili. "Bi Mdogo," alisema, "nisamehe."

Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Bi Mdogo alitoka mbio akampokonya mama yake mtoto.

"Taratibu, mwanangu," mama alisema. "Huyu hana taabu. Tangu uingie humo hajalia hata mara moja. Maziwa ya kopo kakataa, nami nashangaa mbona anazidi kunenepa."

Bi Mdogo akamtia titi mdomoni. Mtoto akaligeuzia kisogo, akatazama ndani ya ukumbi, kwenye kile kiti cha nane, akakinyooshea mikono achukuliwe.